Saa Sita Haijafika Mwika

Mtu akiniuliza saa ngapi, mimi humuuliza kwanza: saa ya nani? Wajukuu zangu hunicheka, wanasema Bibi uzee umemwingia. Umeniingia kweli, magoti yangu ni mashahidi, lakini swali langu ni la kifundi. Nimeshika saa za watu karibu maisha yangu yote, pale Moshi mjini, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya mshona viatu na muuza mbegu. Najua ninachouliza.

Basi ninyi mnaotazama muda kwenye simu, hebu zilazeni kifudifudi kidogo. Nataka kuwaambia habari za ufundi saa, na habari za jua, na jinsi shangazi yangu Anaeli alivyoponea chupuchupu kuitwa mwizi wa maji mpaka kaburini.

Shangazi ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenipeleka kwa Fundi Aloyce. Huyu alikuwa mtu wa Mkuu, Rombo, mwembamba, mkali, jicho la kulia limekunjamana kwa kubana lenzi tangu ujana. Siku ile tulishuka kutoka kwetu Mwika, mlimani, na mkungu wa ndizi kichwani, mimi nimevaa viatu vya kanisani.

"Fundi, nimekuletea mwanafunzi," Shangazi akasema.

Fundi akachungulia nyuma yangu. "Yuko wapi?"

"Huyu hapa. Una lenzi jichoni na bado humwoni?"

"Msichana! Mama, huyu si ataolewa kesho, aniachie kazi mezani?"

"Akiolewa si atakwenda na mikono yake? Au huko kwenu Rombo mikono hubaki kwa wazazi?"

Fundi Aloyce alicheka mpaka lenzi ikamwanguka. Nikaanza kazi siku hiyohiyo kwa kufagia. Msidhani kufagia kibanda cha fundi saa ni jambo dogo. Takataka zote zilichambuliwa kwanza, maana ndani ya vumbi mnaweza kuwa na skrubu ndogo kuliko chembe ya ulezi, na wakati ule vipuri havikuwepo nchini. Ukipoteza skrubu, umepoteza saa ya mtu.

Nilipoteza nyingi mwanzoni. Nikawa napiga magoti, napapasa sakafu nzima, nalia. Fundi akanifundisha jambo ambalo mpaka leo nawafundisha wote wanaodondosha hereni. Kwanza, usisogeze miguu. Pili, acha kumulika kwa juu. Laza tochi sakafuni, imulike kwa ubavu, kisha inama. Kitu kidogo kabisa kikimulikwa kwa ubavu kinatoa kivuli kirefu kuliko chenyewe. "Usitafute skrubu," alikuwa akisema, "tafuta kivuli chake." Skrubu zikaanza kuonekana zenyewe, nami nikaanza kupenda vivuli.

Alikuwa na mengine. Usipulize saa kwa mdomo, pumzi ina maji. Usilazimishe kamani, ile springi inayojazwa kwa kuzungushwa. Ukiilazimisha itaruka ikutoe jicho. Na mpagazi akikuletea saa aliyopanda nayo mlimani, akidai imekufa kule juu ikafufuka alipofika getini, usimwite mwongo. Mafuta ya ndani yameganda kwa baridi kama samli ya asubuhi. Ioshe, itie mafuta mepesi, mwambie apande salama.

Lakini hazina ya kibanda kile ilikuwa tundu kwenye bati.

Lilikuwa tundu dogo la msumari. Mimi, kwa bidii ya mgeni, nilitaka kuliziba mvua isituingilie. Fundi alinikemea kana kwamba nimetaka kumziba pua. Akanionyesha doa la mwanga lililoanguka sakafuni, la mviringo, la ukubwa wa sarafu.

"Tundu lina umbo gani?"

Nikapanda kiti nikatazama. Lilikuwa limechanika, pembe tatu tatu.

"Na doa?"

"La mviringo."

"Kwa nini doa halifanani na tundu?"

Sikujua. Akaniacha na swali hilo siku nyingi. Siku jua lilipopatwa kidogo, watu barabarani wakipiga kelele na kukodoa macho juu, jambo ambalo msilifanye kamwe maana linachoma jicho bila maumivu, yeye aliniita ndani. Lile doa sakafuni lilikuwa limeng'atwa pembeni kama kitumbua. Ndipo nikaelewa. Doa lile halikuwa picha ya tundu. Lilikuwa picha ya jua lenyewe, limekuja kulala sakafuni kwetu kupitia tundu la msumari. Nilikuwa nimefagia juu ya jua miezi mingapi bila kujua!

Tangu hapo nikawa nalifuata. Kila siku lilivuka sakafu kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa kuwa jua lenyewe linakwenda upande wa pili. Nalo halikupita njia ileile mwaka mzima. Wakati wa Krismasi lilipita upande wa mlimani. Mwezi wa sita lilipita upande wa tambarare. Na mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwezi wa tatu na tena mwanzoni mwa mwezi wa kumi, lilipita juu ya msumari ambao Fundi aliupigilia sakafuni chini ya tundu sawasawa. Siku hizo jua letu linasimama utosini kabisa. Watu wa Ulaya hawajawahi kuiona siku hiyo kwao, hata mmoja. Sisi tunaipata mara mbili, na wengi wetu tunaipitisha tukila ugali.

Jambo jingine lilinisumbua. Doa halikufika katikati saa sita. Redio inalia saa sita kamili, doa bado liko mbali. Linakuja kufika saa sita na nusu, pengine na dakika kadhaa juu yake.

"Fundi, jua linachelewa."

"Jua halijawahi kuchelewa tangu liumbwe. Redio ndiyo imewahi."

Akaniita kwenye ramani kuukuu iliyoning'inia ukutani. Dunia inajizungusha, akasema, kwa hiyo jua haliwezi kuwa utosini kwa watu wote kwa mpigo. Watu wa mashariki wanalipata kwanza. Kila nyuzi moja ya ramani, yaani digrii moja, ni dakika nne. Sasa, nchi haiwezi kuwa na saa yake kila kijiji, treni zingegongana. Kwa hiyo sisi na majirani zetu tumekubaliana kufuata mstari mmoja. Kidole chake kikaenda, kikapita Mombasa, kikapita Lamu, kikasimama karibu na Mogadishu.

"Redio ikisema saa sita, ni saa sita ya huku. Kutoka hapa mpaka Moshi ni nyuzi karibu nane. Piga hesabu."

Nikapiga. Nusu saa. Nanyi msiniamini mimi, amkeni kesho mjionee. Sisi tunahesabu saa toka jua linapochomoza, si ndiyo? Lakini hapa Moshi jua linachomoza saa kumi na mbili na nusu na linazama saa kumi na mbili na nusu. Hiyo nusu mnaishi nayo kila siku na hamjawahi kuiuliza inatoka wapi.

Basi zikaja zama za ruksa. Mipaka ikalegea, bidhaa zikamwagika, na saa za betri zikaja kwa magunia. Zilipangwa chini pale stendi pamoja na mitumba, zinang'aa kama dhahabu ya bi harusi. Wengine wakanicheka, wakasema fundi saa sasa mtakula nini. Tulikula. Saa za betri nazo zinaingia maji, nazo zinakatika mkanda, nazo betri inakufa. Ila moyo uliniuma kidogo, kwa sababu ukifungua mgongo wa saa ya kujaza unaona kitu kinapumua. Ukifungua ya betri hakuna anayekusalimia.

Mmoja wa walionunua alikuwa Filipo, jirani wa Shangazi kule Mwika. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu wakang'oa mibuni kimyakimya na kupanda nyanya za kupeleka Dar. Filipo alipanda nyingi kuliko wote. Nyanya, kama mnavyojua, ni mlevi wa maji.

Na maji ya kule ni ya mfongo, ule mfereji wa mababu unaoteremka kutoka msituni na kupita kihamba hadi kihamba, yale mashamba ya ukoo yaliyozunguka nyumba. Yanagawanywa kwa zamu. Siku ya ukoo wetu, Shangazi alikuwa na maji toka asubuhi mpaka jua la utosini, na Filipo toka jua la utosini mpaka jioni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu wazee wao. Mtu anasimama kwenye lango la maji, kivuli kikijikusanya miguuni, udongo unahamishwa, maji yanageuka. Siku ya mawingu watu wanakisia, wananung'unika, yanaisha.

Filipo aliponunua saa, akaacha kutazama jua. Mshale ukigota saa sita, jembe begani, anafika langoni na kugeuza maji. Shangazi anayarudisha. Filipo anageuza. Shangazi anarudisha, na mdomo juu.

"Mama Anaeli, ni saa sita!"

"Saa sita ya wapi? Kivuli changu hiki hapa kimelala, hukioni?"

"Dunia imebadilika, mama. Siku hizi watu hawasomi vivuli."

Mbele ya watu, Filipo akatamka neno: mwizi wa maji. Enyi mliozaliwa na bomba jikoni, hamjui uzito wake. Kule mlimani unaweza kuiba kuku ukasamehewa kabla supu haijapoa. Mwizi wa maji hasahauliki. Wanawe hutajwa hivyo, na wajukuu wake hunyimwa wachumba. Kamati ya mfongo ikaketi, na mwenyekiti, Mzee Ndelilio, akasema wazi: ikithibitika, Anaeli atanyang'anywa zamu kiangazi chote. Kabichi zake zingekauka, na migomba michanga pia. Lakini Shangazi, nawaambieni, hakuwa akililia kabichi.

Akaja Moshi akiwa amemburuta Filipo mwenyewe, pamoja na saa yake. Hakuniamkua wala hakukaa.

"Mwanangu, ipime saa hii. Mwambie huyu kwamba ni mbovu."

Nikaifungua. Nikaitazama, nikaisikiliza, nikaingoja redio. Milio ya redio na mshale vikaenda sambamba, kwa sekunde. Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kudanganya, bisibisi ilikuwa mkononi, na Filipo hakujua betri wala bibi yake betri. Lakini fundi saa akidanganya saa, amebaki fundi wa nini?

"Shangazi, saa ni nzima."

Filipo akapiga makofi kwa furaha. Shangazi alinitazama kama mtu aliyefungua mlango wake akakuta ukuta. "Hata wewe," akasema. Akaondoka bila kunywa chai. Nililia, sioni haya kusema, nililia juu ya kitambaa cheupe cha kazi.

Fundi Aloyce, wakati huo mzee wa kuja kibandani kuota jua tu, alikuwa amesikia yote. Akagonga fimbo sakafuni, karibu na ule msumari.

"Umejibu nusu," akasema. "Ameuliza kama saa ni nzima. Hajakuuliza ni saa ya wapi. Na doa limebakiza siku chache kufika msumari."

Loo! Nilimkumbatia mzee wa watu mpaka kofia ikadondoka.

Nikapanda Mwika, nikamwomba Mzee Ndelilio aitishe kamati langoni pa maji, siku niliyomtajia, mchana kabla ya saa sita, na Filipo aje na saa yake na mtu mwingine aje na redio. Mzee akaniuliza nina uhakika gani. Nikamwambia, mzee wangu, nisipokuwa sahihi, mimi mwenyewe nitamwambia Shangazi aache zamu.

Walikuja wengi kuliko kamati. Nilisimika kijiti kilichonyooka, kimo cha kiuno, nikakinyoosha kwa uzi na jiwe kama waashi wanavyopima ukuta, ili asije mtu akasema kimeinama. Shangazi alisimama mbali, kanga kajifunga kifuani, uso kaugeuzia migomba. Hakuwa amenisemesha tangu siku ile.

Redio ikalia saa sita. Filipo akainua mkono juu, saa ikametameta. "Wazee, mmesikia! Redio na saa yangu, neno moja!"

"Neno moja," nikasema. "Saa ya Filipo haina kosa, nimeipima mimi. Sasa tazameni chini."

Kivuli cha kijiti kilikuwa kirefu kama shubiri, kimelala upande wa magharibi. Nikawaambia, hii ni saa sita ya Mogadishu. Huko sasa hivi jua liko utosini. Kwetu bado linapanda. Mzee mmoja akauliza, "Mogadishu imeingiaje kwenye mfongo wetu?" Watu wakacheka, nami nikamweleza habari ya mstari, kwa machungwa mawili na fimbo yake.

Tukangoja. Kivuli kikafupika, kikawa kidole. Kisha, Mungu wangu, wingu likateremka toka mlimani na kukaa juu yetu kama kifuniko cha sufuria. Kivuli hakuna. Filipo akaanza kupiga mluzi. Nikamwona Shangazi anageuka polepole, ananitazama kwa mara ya kwanza. Akaja akasimama kando ya kijiti, karibu nami, tukangoja wote wawili.

Wingu likapasuka.

Kijiti hakikuwa na kivuli. Hakuna. Kilisimama juani kama kitu cha ndotoni, na mwanga umekizunguka pande zote. Watu wakaanza kujitazama miguuni, kila mmoja akitafuta chake. Mzee Ndelilio akavua kofia, akaiweka juu ya ncha ya kijiti, na kivuli chake kikaanguka chini mviringo, kijiti katikati. Akapiga mluzi. Filipo akainua mguu mmoja, akaushusha, akainua mwingine. Vivuli vyetu vyote vilikuwa chini ya nyayo.

"Filipo," Mzee akauliza, "saa yako inasemaje?"

Filipo akaitazama. "Saa sita na nusu imepita."

"Na maji umekuwa ukiyageuza saa ngapi?"

Shangazi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kanisani: "Geuzeni sasa. Sasa ni haki yake." Akachukua jembe akamgeuzia Filipo maji kwa mkono wake mwenyewe. Nikajivuna siku ile mpaka nikaona mbavu hazinitoshi.

Kamati ikaamua: siku ya jua, kivuli, siku ya mawingu, saa sita na nusu ya redio. Si sahihi kabisa, maana jua nalo lina tabia zake. Mwezi wa pili linakawia zaidi, mwezi wa kumi na moja linawahi kidogo, kwa sababu dunia inapolizunguka jua inakwenda imeinama, na mwendo wake haulingani mwaka mzima. Lakini kwa kabichi inatosha. Nikawapangia na mawe ya alama, ya kuonyesha kivuli cha utosini kinapolala, na hapo nikajiaibisha. Niliyapanga upande wa mlimani tu, kivuli kilikokuwa kikilala majuma ya nyuma. Mwezi wa sita Mzee Ndelilio akashuka Moshi kwa basi, uso mzito. "Binti, kijiti kimetugeuka. Kivuli kinakimbilia tambarare. Kuna watu wanataka kuita mchungaji." Miaka yote nililitazama doa likihama upande, halafu nikasahau kwamba jua linalohamisha doa ndilo lilelile la Mwika! Fundi Aloyce alinitania jambo hilo mpaka alipofariki.

Filipo naye alifuata desturi. Alikuja kwa Shangazi na jani la isale mkononi, na mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, nyuma. Aliyeletewa isale hakatai kusamehe, ndivyo tulivyolelewa. Shangazi akalipokea jani. Mbege akaisukuma kando.

"Mbege ninayo. Nataka hiyo saa."

Filipo akaivua. Angefanyaje?

Siku ya pili Shangazi yuko kibandani kwangu, safari hii ameniamkua, amekaa, amekunywa chai na kuomba ya pili. Akaiweka saa mezani. "Irudishe nyuma. Nusu saa."

"Shangazi, mimi fundi. Siwezi kuweka saa ya mtu vibaya kwa makusudi."

"Nani kasema vibaya? Iweke kama Mwika."

Nikashika kifundo kidogo cha ubavuni, nikarudisha mshale nyuma nusu saa. Aliivaa mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuna mtu kule juu aliyewahi kumtania kwamba imekawia.

Sasa ninayo mimi, hii hapa mkononi, betri naibadilisha mwenyewe. Vijana mkija kunisalimia mnaitupia jicho, mnatazama simu zenu, mnanihurumia: Bibi, saa yako iko nyuma. Nami nawajibu neno moja tu. Tokeni nje, mtazame miguuni penu.